Maneno ya mama huyu yatalala wapi usiku wa leo?

BUTEMBO – BENI. Kuna jambo linalotokea katika viwanja vya makanisa na madarasa ambamo wahami wamepewa hifadhi, na halisemwi redioni. Timu ya watu wawili au watatu inafika asubuhi na kamera. Inamhoji mama wa kwanza, wa pili, kisha mzee mmoja mwenye maneno mengi. Ikifika saa nane mchana, kamera inaandika kwamba kadi imejaa. Kompyuta imeachwa mjini kwa kuogopa barabara. Kadi ya akiba ina sherehe ya ndoa ya juma lililopita, na mwenye ndoa bado hajamaliza kulipa. Mpiga kamera anatazama huku na huku, anarudi nyuma kwenye orodha, anafuta mahojiano moja ya asubuhi ambayo “hayakutoka vizuri”. Mama wa asubuhi yuko pale pale uani, anatwanga sombe. Hajui kitu.

Siku tatu baadaye timu inarudi kumwomba aeleze tena: walivyoingia kijijini, nani alianguka kwanza, watoto walipitia njia gani.

Hili si kosa dogo la ufundi. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuongezeka Beni na vijiji vyake, watu wa Oicha, Mbau, Eringeti na Rwangoma wameulizwa maswali na waandishi, wachunguzi, mashirika ya misaada na mashirika ya haki za binadamu. Halafu ikaja Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, na kamera zikaongezeka. Familia zilizokimbia kusini mwa Lubero katikati ya mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, zimekuta mtindo uleule Butembo. Anayepoteza mahojiano anamlazimisha mtu aliyechoka kufungua kidonda mara ya pili kwa sababu ya kadi ya dola chache.

Tena kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mtu akieleza jambo mara mbili, hasemi sawasawa. Mara ya kwanza ilikuwa saa kumi na moja, mara ya pili imekuwa jioni. Mbele ya mahakama, wakili wa mshtakiwa ataweka maelezo hayo mawili upande kwa upande. Jirani zetu wa Ituri wanalo somo hapo. Katika kesi ya Thomas Lubanga huko The Hague, majaji hawakutegemea maneno ya wengi wa wale waliosema walikuwa askari watoto, kwa kuwa hawakuona kuwa ni ya kuaminika. Kitu kilichobaki na nguvu ni video, mojawapo ikiwa ile iliyopigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, ambamo watoto wanaonekana kwa macho kuwa chini ya miaka 15. Hukumu ya hatia ilitoka tarehe 14 Machi 2012. Miaka tisa! Video ile haikuwa na ubora wa HD tunaoutafuta leo. Thamani yake ilikuwa kwamba ilihifadhiwa mpaka siku ilipohitajika.

Hapo ndipo vijana wetu wa kamera wanapokosea hesabu. Wanapigania picha kali, 4K, kwa sababu aliyewatuma ameagiza hivyo au kwa sababu inapendeza. Kamera nyingi za kawaida zikipiga 4K zinakula karibu GB 45 kwa saa moja. HD kamili ya ubora mzuri inakula karibu nusu yake, GB 22 hivi, na HD ya kiwango cha kati inashuka mpaka 12 au 13. Kadi ya GB 64 kwa 4K haimalizi hata saa moja na nusu. Siku ya mahojiano sita ya saa moja moja inafika GB 270. Nani Oicha ana diski tupu ya kiasi hicho mfukoni kila siku?

Kwa uso wa mtu aliyekaa kwenye kiti akieleza yaliyompata, HD kamili inatosha kabisa. Mara nyingi hata ile ya kati inatosha. Sauti ndiyo isiyosamehe: picha ikiwa na giza kidogo mtu ataelewa, lakini upepo ukipiga maikrofoni, ushuhuda umekwenda. Na sauti haina uzito. Saa nzima ya sauti safi isiyobanwa, ya chaneli moja, ni karibu GB 0.35. Kinasa sauti kidogo kikiwekwa mezani kila mara, hata kadi ya kamera ikiharibika yanabaki maneno yenyewe, na redio inaweza kuyatumia jioni ileile.

Kuna mtego mwingine unaowakamata hata wazoefu. Kamera nyingi zikitumia kadi ya GB 32 au ndogo zaidi, haziandiki faili moja refu. Zinalikata kila linapofika GB 4. Mahojiano ya saa moja yanakuwa vipande vinne, vitano au zaidi. Mtu mwenye haraka ananakili kipande cha kwanza, anakifungua, anamwona mama anaongea, anaridhika, anafuta kadi. Sehemu aliyotaja majina ilikuwa katika kipande cha tatu.

Kisha kuna kadi bandia. Zimeandikwa 64 au 128, kompyuta nayo inakubali, lakini ndani zinashika kidogo sana, na kinachoandikwa baada ya hapo hakifunguki tena. Kadi mpya ijazwe mpaka mwisho nyumbani, kisha isomwe yote, kabla haijapelekwa kwa watu. Kazi hiyo inachukua usiku mmoja wenye umeme.

Umeme ndio unaopanga kila kitu huku kwetu. Kunakili GB 64 kwa kisomaji cha zamani ni zaidi ya dakika arobaini, na umeme ukikatika katikati, kunaachwa faili lisilokamilika lenye jina kamili. Kutegemea intaneti ni kujidanganya: hata mtandao ukipandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika, saa moja ya 4K itachukua saa 20, na hapo megabaiti za nani zinakwisha? Kwa hiyo kanuni inapaswa kuwa ya kijijini kabisa. Idadi ya mahojiano ipimwe kwa muda wa kunakili, si kwa mwanga wa jua. Mahojiano matatu yaliyonakiliwa mara mbili ni kazi. Saba yaliyobaki kwenye kadi moja ni bahati nasibu. Kadi isifutwe mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kusikilizwa mwanzo, katikati na mwisho. Na kama imefutwa kwa bahati mbaya, itolewe kwenye kamera papo hapo, isirekodi kitu kingine, kwa maana mara nyingi faili bado linaweza kurudishwa.

Nakala hizo mbili zisisafiri katika mfuko mmoja. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita hamsini na kidogo, pikipiki zinaanguka, mvua inanyesha, na barabara nyingine za eneo hili zina hatari kubwa kuliko mvua. Moja ibaki, moja iende. Juu ya kadi iandikwe namba, si jina la mtu wala la kijiji, na diski ifungwe kwa neno la siri. Uso wa shahidi ukianguka mikononi mwa waliomfukuza, hakuna msamaha utakaomfaa.

Vijana hawa hawastahili kubeba lawama peke yao. Wengi wanalipwa kwa siku, kwa kamera ya kuazima. Wanaowatuma wanataka ubora wa filamu, lakini katika bajeti yao kuna usafiri, chakula na fulana, diski haimo. Shirika linaloagiza ushuhuda wa wahami bila kulipia mahali pa kuuhifadhi linaomba kitu ambacho halina nia ya kukitunza, na viongozi wa wahami wana haki ya kulikatalia mlangoni.

Haki hiyo ni ya familia zenyewe pia. Mama akiombwa kuongea, anaweza kuuliza kabla kamera haijawashwa: Haya maneno yangu yatalala wapi usiku wa leo? Kwenye nini, kwa nani, na nakala ya pili iko wapi? Nikitaka yafutwe, nimpigie nani? Si maswali ya mtu aliyesoma sana. Ni yaleyale ambayo mtu huuliza akimkabidhi jirani mbuzi wake.

Timu yenye majibu itajibu kwa dakika moja na kuonyesha diski. Isiyo na majibu ipewe kiti, ipewe maji, iambiwe irudi kesho na kadi tupu.