Mji wa Mashujaa na Haki ya Walioujenga

Miongoni mwa michezo mingi iliyozaliwa na kompyuta na intaneti, upo mmoja ambao kwa rai yangu unastahili kukumbukwa hata na wale wasiopata kuucheza, nao ni City of Heroes, mchezo wa Kimarekani uliotengenezwa na kampuni ya Cryptic Studios ya California na kufunguliwa mwezi wa Aprili 2004 chini ya usimamizi wa NCSoft ya Korea Kusini. Maelfu ya watu waliotengana kwa masafa marefu, kila mmoja mbele ya kompyuta yake, waliingia kwa wakati mmoja katika mji wa kubuni uitwao Paragon City, ambao watunzi wake waliuweka katika jimbo la Rhode Island, wakaishi humo kama mashujaa wenye nguvu zipitazo za wanadamu: huyu akipaa, huyu akitoa moto viganjani, na yule akikimbia hata jicho lisimfuate.

Asiyeujua huweza kudhani kwamba ladha yake yote ilikuwa katika kupigana. Mapigano yalikuwapo tele, lakini kabla ya pigo la kwanza mchezaji alikaa, pengine saa nzima au zaidi, akimbuni shujaa wake: kimo na umbo, barakoa au uso wazi, mavazi ya chuma au ya kitambaa, asili ya nguvu zake, jina lake, na tarihi ya maisha yake, ambayo aliiandika kwa maneno yake mwenyewe na kila aliyekutana naye aliweza kuisoma. Katika michezo mingi ya jamii hii mavazi ni ngawira, na mwenye vazi bora ndiye mwenye nguvu. Humu vazi halikuongeza nguvu wala kuipunguza, kwa hiyo kila mtu alivaa alivyopenda, na viwanja vya mji vikajaa maumbo ambayo hapana mchoraji mmoja angeweza kuyawaza yote. Lakini joho lilisubiriwa, kwani halikupatikana mpaka mchezaji afike daraja la 20, na uwezo wa kupaa ulikuja katika daraja la 14. Na furaha ya kuinuka kwa mara ya kwanza juu ya mapaa ya majumba, baada ya kuupita mji ule kwa miguu siku nyingi, wachezaji wa zamani huisimulia hata leo.

Kazi za mwanzo zilikuwa ndogo. Katika mtaa wa Atlas Park, penye sanamu kubwa ya Atlas aliyeibeba dunia mabegani, wahuni walivutana na mwanamke wakitaka kumpokonya mkoba wake, na shujaa mchanga alipowashinda, mwanamke yule alimjia, akamshukuru, kisha akaenda zake. Thawabu ya kazi hiyo haikuwa kubwa, lakini tangu saa ya kwanza mchezaji alitiwa katika nia iliyoutawala mchezo mzima, kwamba yumo mjini kwa ajili ya wengine.

Kazi kubwa zilitaka kundi, na kundi halikuzidi watu 8. Aliyeitwa Tanker alitangulia, akajitia katikati ya maadui ili mapigo yote yamwangukie yeye. Controller akawagandisha kwa barafu au akawafunga wasisogee. Scrapper akawakabili ana kwa ana. Blaster, mwenye moto mkali na mwili dhaifu, akapiga kutoka mbali. Na Defender, nyuma ya wote, akayaponya majeraha ya wenzake na kuwazidishia nguvu. Blaster akikosa subira, akapiga kabla Tanker hajawakusanya maadui, basi wote walimgeukia yeye, na punde si punde alikuwa chini huku wenzake wakihangaika kumwinua. Na aliyeshindwa kuinuliwa akarudishwa hospitali, alitoka na deni lililokula nusu ya kila alichokichuma mpaka limalizike. Hivyo subira, ambayo wazee wetu hawachoki kuiusia, ilisomeshwa pale kwa vitendo.

Lakini kanuni niipendayo kupita zote ni ile iliyomruhusu mkongwe wa daraja la 40 kumtwaa mgeni wa daraja la 10 awe msaidizi wake, na papo hapo mgeni akapandishwa nguvu mpaka akakaribia kumfikia mkubwa wake, mradi tu asiende mbali naye. Katika michezo mingi ya wakati ule, ndugu wawili walioanza kwa nyakati mbalimbali hawakuweza kufuatana, kwani aliyetangulia alimwacha mwenziwe kwa umbali usiofidika. Humu nguvu ya mkubwa ilikuwa kitu cha kugawiwa mdogo, na sijui kanuni ya mchezo wowote iliyo na murua zaidi ya hiyo. Fauka ya hayo, tangu Aprili 2009 wachezaji walipewa ala za kutunga visa vyao wenyewe, wengine wakavicheza. Yaani mji ukawa unajengwa pia na wakazi wake.

Ndiyo maana naona uchungu kwa yaliyofuata. Tarehe 31 Agosti 2012 ilitangazwa kwamba mchezo utafungwa. Wachezaji walikusanyika kwa wingi Atlas Park, mashujaa wao wakiwa na mienge mikononi, wakaomba mji wao usizimwe. Na tarehe 30 Novemba mwaka ule ule seva zilizimwa. Kisheria NCSoft ilikuwa na haki, na seva zina gharama. Lakini insafu huuliza zaidi ya sheria: watu waliolipa takriban dola 15 kila mwezi, wakatunga majina, tarihi na visa, wakafunga urafiki, hawakuwa na sehemu yoyote katika walichokijenga?

Watu wa mwambao tunayo mizani ya jambo hili katika wakfu, ambamo nyumba au shamba hutengwa, lisiuzwe wala kurithiwa, na msimamizi akalitunza kwa manufaa ya wanaolitumia. Kuna dalili kwamba michezo nayo yaweza kutunzwa hivyo. Mwaka 2019 ilidhihirika kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wameuhuisha mji ule kwa siri. Ukatolewa hadharani, na kundi liitwalo Homecoming likauendesha bila malipo, kwa michango ya hiari. Januari 2024 NCSoft wenyewe wakawapa leseni. Tangu hapo wamiliki hawakupungukiwa na kitu, na wakazi wakarudi majumbani mwao kwa halali.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Ubisoft ya Ufaransa iliuzima mchezo wake The Crew tarehe 31 Machi 2024, na walioununua wakabaki na kitu kisichofunguka. Ghadhabu iliyotokana na tendo hilo ilichochea ombi la raia wa Umoja wa Ulaya, lililopata saini zaidi ya milioni 1 katika mwaka 2025, likitaka mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka hata baada ya kampuni kuuacha mkono. Ombi hilo ni la haki, na latuhusu kwa karibu. Vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa hucheza kwa simu michezo inayotegemea seva za ng'ambo, na wengine huilipia kwa fedha za simu wakinunua mavazi ya mashujaa wao. Nawasihi wabunge wetu, watakapoitazama upya sheria ya kumlinda mlaji, waandike humo kwamba anayeuza mchezo wa mtandaoni amjulishe mnunuzi waziwazi, kabla ya kupokea fedha yake, nini kitabaki mikononi mwake siku seva zitakapozimwa. Na kwamba asiyetaka tena kuuendesha mchezo wake asiwazuie walio tayari kuutunza bila faida.