MASHAURI YA JAMAA: Mtoto ameshikwa na moshi. Tumufukuze?



Mama mmoja wa Kadutu ametuandikia barua. Mtoto wake wa miaka 15 alishikwa nyuma ya vyoo vya masomo pamoja na wenzake watatu. Walikuwa wakipokezana sigara ya umeme, ile inayofanana na kalamu na kunukia matunda. Wote wakatumwa nyumbani siku 15. «Mimi ninatoka asubuhi kwenda sokoni, ninarudi giza limeingia,» anaandika. «Mutoto anabaki na nani? Sasa anasema atafuata wakubwa Kamituga, kutafuta zahabu.»

Mama, asante. Swali lako ni la jamaa nyingi.

Kwanza tuseme ukweli juu ya kitu chenyewe. Vijana wanasema: «Ni mvuke tu.» Hapana. Sigara nyingi za umeme zina nikotini, ile ile ya tumbako. Ukivuta, inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Na ubongo wa kijana unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, kwa hiyo kijana anafungwa upesi kuliko mtu mzima. Shisha nayo isikudanganye kwa maji yake: Shirika la Afya Duniani lilieleza ya kwamba kikao kimoja kinaweza kumwingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 ao zaidi. Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, waliipiga marufuku Desemba 2017.

Sasa tuje kwenye adhabu. Aliyezoea nikotini akiiacha, siku tatu za kwanza ni ngumu sana: kichwa kinauma, hasira iko karibu, usingizi unakimbia. Kisha mwili unaanza kutulia, na kwa wengi inachukua juma tatu ao nne. Basi hesabu mwenyewe. Katika siku zile zile anapohitaji mtu karibu, sisi tunamtuma akakae peke yake, na anayemuuzia anamngojea barabarani. Akirudi darasani yuko nyuma, anaona haya, na machimbo yanamwita. Sheria ya 10 Januari 2009 inamlinda mtoto asiyefikisha miaka 18, lakini ninyi wa machimboni mnajua: shimo haliulizi miaka.

Hatusemi aachiwe bure. Kosa liko, na adhabu iwe. Lakini tumwadhibu akiwa karibu nasi.

Prefe na walimu, waiteni wazazi siku ile ile, na mtoto abaki masomoni. Wenzake wakienda nyumbani, yeye afagie, achote maji, alime bustani. Ajifunze juu ya mapafu na nikotini, kisha awaeleze wenzake darasani. Mwalimu mmoja anayemwamini amuulize kila asubuhi: «Jana ilikuwa namna gani?» Ukali wetu tuuweke kwa mtu mzima anayewauzia watoto.

Papa na mama, ulizeni mbele ya kupiga. Wengine wanafuata wenzao, wengine wanaficha woga. Vita iliyoingia mjini Februari 2025 iliwaonyesha watoto wetu mambo mengi. Je, tuliwauliza? Na papa anayemtuma mtoto dukani kumnunulia sigara, atamkataza kwa kinywa gani?

Vijana, mwenzenu akitaka kuacha, musimucheke. Mpelekeni kwenye kwaya, kwenye mpira, ao kwenye Xaveri, iliyoanzishwa hapa hapa Bukavu mwaka 1952. Anayeacha kitu anahitaji kingine cha kushika.

Mama wa Kadutu, siku 15 hazijaisha. Kesho mchukue mzee mmoja wa jamaa, mwende kwa prefe kwa heshima, mumwombe mtoto amalizie adhabu yake ndani ya masomo. Akikataa, usimwache nyumbani: aende nawe sokoni, akae karibu nawe, na jioni anakili masomo ya siku kutoka daftari la mwenzake. Usiku mwulize juu ya Kamituga, umsikilize mpaka mwisho.

Mchungaji wa Luka 15 hakumpa kondoo aliyepotea siku 15 za kukaa mbali. Alitoka, akamfuata.