Mnalala wapi?

Katika mji wetu neno moja kwenye fomu linaweza kumnyima mtu paa. Nimeliona kwa mama yangu mkubwa.

Kati ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha Uvira. Mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, ukashuka na mawe, miti na matope hadi katikati ya makazi. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba zilibomoka. Nyumba ya matofali ya udongo aliyokuwa akipanga mama mkubwa haikubaki hata msingi. Tangu hapo akawa analala na watoto watatu katika kibanda cha miti kilichofunikwa kwa shitingi, nyuma ya nyumba ya shemeji yake.

Baadaye walikuja waandikishaji wa shirika moja kuorodhesha watu wa kusaidiwa makazi. Walimwuliza: “Mama, nyumba yenu iliharibika kiasi gani?” Akajibu kwa ukweli kwamba nyumba haikuwa yake, alikuwa mpangaji. Wakauliza: “Sasa munakaa kwa nani?” Akasema: “Kwa shemeji.” Basi akaandikwa kuwa amepokelewa na jamaa, maana yake ana pa kukaa. Mwenye nyumba, ambaye anaishi kartie nyingine na hakulowa hata kiatu, alipewa jetoni kwa sababu nyumba iliyobomoka ilikuwa ya kwake. Orodha ya pili ilikuwa ya watu waliokuwa kwenye hema za pamoja. Huko nako jina lake halikuingia, kwani alikuwa kwenye kiwanja cha mtu. Hakuhesabiwa kuwa na nyumba iliyoharibika, wala kuwa mtu aliyehama.

Mtu atasema hiyo ni kazi ya mashirika, sisi wa kitivo cha lugha inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa kuwa tatizo lilianzia kwenye maneno.

Fomu zetu hufikiriwa kwa Kifaransa, kisha mwandikishaji huzitafsiri akiwa amesimama kwenye matope. Kifaransa hutenganisha “sinistré”, aliyepatwa na janga, na “déplacé”, aliyelazimika kuhama. Sisi twasema “mhanga”, neno ambalo kwa asili ni la kafara na kujitoa. Au “mkimbizi”, na mama mkubwa hukataa kuitwa hivyo kwa sababu hakuvuka mpaka. Kwake wakimbizi ni Warundi waliofika tangu 2015 na kupelekwa Lusenda. Fomu nyingine huja na Kiswahili kilichotafsiriwa mbali, na huko huuliza idadi ya watu katika “kaya”. Hapa Uvira neno hilo wengi hawalijui. Twasema “menaji”, au “jamaa”. Lakini “jamaa” yetu ni familia nzima, wakati kwa msomaji wa pwani huweza kuwa ndugu mmoja. Ukiuliza “jamaa yenu ni watu wangapi?”, mama mmoja atahesabu watoto wake na mwingine atahesabu ukoo.

Neno gumu kuliko yote, hata hivyo, ni lile tunaloliona rahisi: nyumba. Je, kibanda cha shitingi ni nyumba? Swali hili haliulizwi Uvira peke yake. Huko Ulaya wapo watu wanaoishi katika karavani, yaani chumba chenye magurudumu kinachovutwa na gari. Uingereza, kanuni za msaada wa kodi za mwaka 2006 zinakubali malipo ya mahali karavani inaposimama kuwa kodi ya makazi. Ufaransa, karavani haihesabiwi kuwa makazi kisheria, kwa hiyo anayelala ndani yake hukosa msaada wa nyumba ambao jirani yake wa ghorofani anaupata. Karavani ni ileile na baridi ni ileile, ila neno limetofautiana.

Kwetu, sheria ya juu haina ubahili. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinahakikisha haki ya kuwa na makazi yanayostahili. Hakisemi ni haki ya wenye viwanja peke yao. Na Mkataba wa Kampala wa 2009 unawataja waliolazimika kuacha nyumba zao au mahali walipozoea kuishi, na unahesabu majanga ya asili kuwa mojawapo ya sababu. “Mahali walipozoea kuishi” panamwingiza mpangaji, na anayelala nyuma ya nyumba ya shemeji pia.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Waandikishaji husema kwamba ukiahidi msaada kwa kila kibanda, kesho asubuhi shitingi zitaota kama uyoga. Ni kweli, hilo tumeliona. Lakini mlaghai hazuiwi na neno “nyumba”. Mwenye nyumba wangu wa hadithi alipita katikati ya neno hilo bila kusema uongo hata mmoja. Anayeweza kuzuia ulaghai ni jirani. Watu wa avenyu wanajua nani analala wapi, nani alikuwa akipanga, nani amekuja jana. Orodha isomwe mbele yao kabla ya jetoni kutolewa.

Ombi langu kwa walimu na wanafunzi wenzangu ni dogo. Ziwa nalo lilipanda. Mwaka 2024 maji yaliingia Kavimvira na bandarini Kalundu, na ng’ambo ya mpaka Gatumba nayo ilizama. Waandikishaji watarudi tena. Tuandae mapema karatasi moja ya maswali kwa Kiswahili cha hapa, tuijaribu kwa mama zetu sokoni, kisha tuipeleke merini na kwa mashirika. Swali la kwanza lisiwe “Nyumba yenu iliharibika?” Liwe “Munalala wapi?” Yafuate: “Mulikuwa munalala wapi mbele ya maji?”, “Munalipa kodi?”, “Wenye kiwanja wanaweza kuwafukuza?”

Nilimsomea mama mkubwa maswali hayo manne. Alijibu yote bila kuniuliza maana ya neno lolote. Kisha akaniambia niongeze la tano: mvua ikinyesha usiku, watoto wanaamkia wapi?