Mama Aliye Kando ya Kitanda

Yapo maradhi yanayompata mtoto mmoja tu katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Saratani ya jicho ni mojawapo. Mara nyingi mama ndiye huiona kwanza: taa ikimmulika mwanawe, mboni inameta nyeupe kama jicho la paka. Wengi wa watoto hao hawajatimiza miaka 5. Kwa kuwa tiba yake haipatikani kila wilaya, mama hufunga safari kutoka Kigoma au Mtwara hadi Hospitali ya Muhimbili. Huko ndiko ninakotaka twende.

Twende, ila tujue tunachokwendea. Tumezoea ziara za sikukuu: basi zima la watu, fulana za rangi moja, maboksi ya juisi, picha na watoto walionyonyoka nywele, kisha kwaheri. Sisemi ni dhambi. Nasema tumemwendea mtoto tukamsahau anayemshikilia pale. Dawa za saratani hutolewa kwa awamu, mara nyingi kila baada ya wiki 3, na tiba huchukua miezi. Miezi hiyo shamba la mama limeota nyasi, watoto wengine wako kwa bibi yao, na simu za nyumbani zauliza atarudi lini. Asubuhi moja anafunga kanga zake, anambeba mwanawe, anaondoka dozi haijaisha. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 95 katika kila 100 wenye saratani hii hupona. Kwetu wengi twawapoteza kwa kuchelewa kufika na kwa kuiacha tiba njiani. Aliyekwisha kuchelewa hatuwezi kumrudishia siku zake. Lakini anayetaka kuondoka kwa kukosa nauli, sabuni, au mtu wa kusema naye, huyo twaweza kumzuia.

Na liko zito kuliko nauli. Pengine daktari husema jicho litolewe ili mtoto aishi. Ni mama gani ataitika upesi? Baba anakataa kwenye simu, jamaa wanasema mtoto amerogwa. Hapo pole zetu hazifui dafu. Wa kusikilizwa ni mama mwenzake aliyekwisha kupita njia hiyo, aliyekuja na mwanawe mwenye jicho la bandia, anayesoma, anayecheza mpira na wenziwe. Kwa hiyo nawasihi hasa ninyi ambao watoto wenu walipona: rudini wodini. Najua harufu ya korido zile inawarudishia mengi. Rudini hivyo hivyo.

Sisi wengine tuna adabu ya kujifunza. Dawa za saratani hupunguza seli nyeupe za damu, na mafua yako madogo yaweza kumlaza mtoto kwa homa ya hatari. Ukikohoa, tuma salamu. Nawa mikono. Usimlishe kitu kabla ya kumwuliza muuguzi. Picha usipige hata mama akikubali, kwani mwenye shida hukosa ujasiri wa kukataa.

Ukifika, uliza ni mama yupi hajapata mgeni siku nyingi. Keti kwake. Mwambie, "Mama, nenda kaoge, ukafue, mtoto nitakaa naye." Atasita, kisha atakwenda. Usitazame saa. Akirudi, mwulize habari za shamba.