Likizo ya Ziwani: Nahodha Ndiye Kamanda

Yako mambo ambayo sisi askari huyapangia hadi dakika ya mwisho, na lipo jambo moja ambalo aghalabu tunaliacha lijipange lenyewe. Jambo hilo ni likizo. Zoezi la siku tatu porini litaandaliwa ramani, maji, dawa na gari la akiba. Lakini mapumziko ya mwaka humkuta mpiganaji hana mpango wowote, akayamaliza nusu barazani na nusu akifuatilia madeni, na watoto wake wakarudi shuleni wakiwa hawana la kusimulia.

Mwaka jana tulidhamiria kulirekebisha kosa hilo nyumbani kwetu. Tunaye rafiki jijini Lilongwe, mpiganaji wa Jeshi la Malawi tuliyekuwa naye Kivu Kaskazini katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Udugu wa namna ile hauhitaji maelezo kwa wasomaji wa ukurasa huu. Itoshe kukumbusha kwamba Novemba 2018, karibu na Beni, askari Chancy Chitete wa Malawi alipoteza maisha yake akimwokoa mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa. Basi rafiki yetu huyo, pamoja na shemeji yake ambaye ni askari polisi, walipendekeza familia zetu tatu zikodi chombo cha tanga kwa siku nne katika Ziwa Nyasa. Wao huliita Ziwa Malawi. Suala la jina tunawaachia wanaohusika nalo.

Chombo chenyewe ni katamarani. Wapo waliotucheka tulipolitamka neno hilo kambini, wakisema hayo ni mambo ya watalii. Hatukubaliani nao. Neno hilo limetoka kwa Watamil wa kusini mwa India, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Na mtu wa pwani anayeijua ngalawa, inayosimamishwa na ndubi zake mbili, ameshaielewa nusu ya habari. Boti za kasi ziendazo Unguja kutoka Dar es Salaam nazo ni za ukoo huo. Hii ya tanga ina mitumbwi miwili mirefu iliyowekwa sambamba, na juu yake sitaha pana na vyumba vya kulala. Hailali ubavu kama jahazi, kwa hiyo mtoto aweza kunywa uji wake bila kuumwaga. Na kwa kuwa haizami sana majini, husogea karibu na ufuko. Ila inayo tabia moja ambayo mkodishaji huenda asiitaje: ikishapinduka kabisa, hairudi. Hubaki kifudifudi, imetulia vile vile kama ilivyokuwa wima.

Kuhusu gharama hatutasema mengi. Iligawanywa kwa familia tatu na kuwekewa akiba kwa miezi minane. Anayejenga nyumba kwa mshahara wa askari anaijua njia hiyo.

Kikao cha mipango kilifanyika Lilongwe mwezi wa Juni, kwenye kibaraza cha mwenyeji wetu. Tuliandika ratiba kama tulivyofundishwa chuoni: saa 10:00 alfajiri kuondoka Lilongwe, kuteremka hadi Salima, kisha Monkey Bay waliko wanamaji wa Malawi, na saa 8:00 mchana kung'oa nanga Cape Maclear. Siku ya nne kurejea bandarini, siku ya tano njiani, na Jumatatu kuripoti kazini. Ilikuwa ratiba safi sana, tukaisoma mara mbili kwa kuifurahia. Tarehe tuliyochagua ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai, kwa sababu ndipo likizo za wote watatu zilipokutana.

Tukampigia simu nahodha. Alikuwa kijana, na alisema, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno, kwamba Julai ni wakati wa mwera na kwamba huenda ikatokea siku ambayo hatatoka. Tukamjibu kwamba nusu ya fedha imekwisha lipwa na likizo zetu zina tarehe. Mwenzetu wa polisi akaichukua simu na kujitambulisha kwa cheo chake. Upande wa pili kukawa kimya kidogo, kisha tukasikia, "Chabwino, bwana," yaani sawa. Tukacheka, tukaagiza chai nyingine.

Kesho yake tulikwenda Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo usiofika kilomita 50 kutoka Lilongwe. Mkalimani mmoja wa siku zetu za Beni alikuwa ametuomba tumfikishie mjomba wake salamu na fedha kidogo. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Dk. Kamuzu Banda, tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kuchukua watu 10,000 hivi; leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Sokoni Kiswahili kilitupokea kana kwamba tuko Kigoma: mama anauliza bei ya unga kwa lafudhi ya Uvira, fundi cherehani anamjibu kwa lafudhi ya Bujumbura. Tangu mwaka 2014 hufanyika huko tamasha liitwalo Tumaini, na watu wa Lilongwe hufunga safari kwenda kusikiliza muziki. Mgeni huingia na kutoka. Mkazi wa kambi, akitaka kwenda mbali na hapo, hana budi kuomba kibali.

Mzee tuliyemfuata alikuwa mvuvi wa Baraka, katika mwambao wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Alitukaribisha kwenye mkeka nje ya nyumba yake ya matofali ya udongo, na kwa kutafuta la kuzungumza na mvuvi tukamweleza habari za safari yetu. Alipendezwa nayo. Akauliza tanga ni la namna gani, na usukani atashika nani. Tulipofika kwenye kisa cha simu tukakisimulia kwa mzaha, na mzee akawa anatutazama tu mpaka tukamaliza.

"Wanangu," alisema, "mimi nilivuka ziwa mwaka 1996, usiku, tukiwa watu 31 katika mtumbwi wa watu 12. Upepo niliuona tangu jioni. Nilijua ni mbaya. Nilitoka kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na bunduki. Tulifika ng'ambo 26. Sasa ninyi, nyuma yenu kuna nini?"

Tulitafuta jibu la kumpa. Nyuma yetu ilikuwa Jumatatu.

Ndugu askari, hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Anayekimbia hana uhuru wa kuchagua upepo, wala idadi ya abiria, wala nahodha. Sisi tuliokuwa na uhuru huo wote tulikuwa tumeutupa kwa hiari yetu, kwenye kibaraza, tukinywa chai. Na hatukuutupa kwa ujinga wa ziwa peke yake. Tuliutupa kwa cheo. Kijana yule alikuwa amesema kweli, nasi tukaitoa kweli hiyo kinywani mwake kwa sauti tuliyozoea kuitumia uwanja wa gwaride. Hatari ya afande likizoni ni kwamba watu humtii hata pale ambapo hakupasa kutiiwa. Raia wa kawaida akimbishia nahodha, nahodha atamjibu. Mwenye sare akimbishia, nahodha atasema sawa, bwana, kisha atakwenda kufungua kamba huku moyo wake ukimkataza.

Na mwera si jambo la kubishia. Ziwa lina urefu wa kilomita 580 hivi, na upana wake hauzidi kilomita 80. Upepo huo hutoka kusini-mashariki na kukimbia ndani ya uchochoro huo mrefu, mawimbi yakikua kadiri uendavyo kaskazini. Huvuma hasa kati ya Mei na Agosti, na ukishaanza waweza kukaa siku tatu bila kupungua. Mwezi ule ule wa Julai, mwaka 1946, meli ya Vipya ilipinduka upande wa kaskazini wa ziwa wakati wa dhoruba, wakafa watu 145. Ilikuwa meli kubwa, tena mpya. Sisi tulitaka kutoka na chombo cha kukodi, na watoto saba, kwa kuwa tulikuwa na tarehe.

Kwa kweli hata hesabu yetu ya watu ilikuwa ya aibu. Vitanda vilikuwa vinane. Sisi tulijihesabu 13, watoto tukiwaweka kama nusu mtu. Mtoto si nusu mtu majini. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Kila mmoja wetu aliomboleza siku zile na kulaumu. Lakini ukiitazama kwa makini hesabu ya kibarazani kwetu, ilikuwa ni ile ile.

Tulirudi Lilongwe jioni hiyo na kumpigia nahodha simu tena. Safari hii tulimwomba radhi, jambo ambalo si rahisi kulifanya mbele ya shemeji wa polisi, ingawa naye baadaye alichukua simu akasema lake. Tukamwuliza kijana lile ambalo tungemwuliza tangu mwanzo: yeye angechagua lini? Akasema Septemba, mwera ukiisha kulegea na mvua zikiwa bado. Familia ya polisi ikakubali kungoja zamu yake, tukabaki wanane. Watoto wetu walikuwa na mapumziko mafupi. Wa mwenyeji wetu walikosa siku chache za darasa, na hatukuliona hilo kuwa msiba.

Kila mmoja aliombewa jaketi la kuokolea lililo kipimo chake, kwa maana jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani mara aingiapo majini. Tuliandikiana na mkodishaji kwamba nahodha akisema hatutoki, hatutoki, na siku hiyo tutaelewana juu ya malipo bila kugombana. Muhimu kuliko yote, tuliongeza siku mbili za akiba kabla ya kuripoti kazini. Siku mbili hizo zilikuwa ghali, kwa kuwa tulizikata katika siku za kwenda kwa wazazi, na wazazi walinung'unika.

Liko jambo moja zaidi ambalo twaona haya kuliandika. Mama watoto alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba anaogopa maji, nasi tukamwambia atazoea. Baada ya Dzaleka tulimwuliza anaogopa nini hasa. Kumbe hakuogopa ziwa. Aliogopa usiku, akiwa amelala chini ya sitaha na mtoto mdogo, asijue mlango uko wapi. Nahodha alipoelezwa alimpa kitanda cha karibu na ngazi, akamwonyesha namna ya kufungua kifuniko cha juu. Hofu iliyomsumbua miezi minane iliondolewa kwa dakika tano.

Kuna pia habari ya kichocho, ambacho kipo katika fukwe za upande ule. Anayeogelea huko hana budi kunywa dawa ya prazikwanteli, nayo hunywewa majuma kadhaa baada ya safari, kwa kuwa haiwaui vizuri minyoo wangali wachanga. Waganga wa kikosi wanalijua hilo. Ni sisi tusiowauliza.

Septemba ikafika, tukaenda. Watoto waliwaona samaki wa rangi ambao kwa ajili yao sehemu ile ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980, na urithi wa dunia mwaka 1984. Waliona pia wingu jeusi likiinuka mbali juu ya maji wakadhani meli inaungua, kumbe ni nzi wadogo waitwao kungu, mamilioni yao. Siku ya tatu tulikuwa tumetia nanga nyuma ya kisiwa cha Domwe. Tulipoamka, maji ya nje ya kisiwa yalikuwa yamegeuka meupe. Nahodha aliyatazama, kisha akatutazama sisi kabla ya kusema neno. Tulinyamaza, na rafiki yetu naye akanyamaza. Kijana akasema, "Leo tunakaa." Tukakaa siku nzima, na kesho yake nusu siku. Siku ya kwanza ya akiba ikaisha hivyo, watoto wakicheza bao kwa kokoto kwenye sitaha.

Tulitamani mzee wa Dzaleka awe nasi walau ufukweni, lakini kibali ni safari ndefu, na yeye mwenyewe alikuwa amesema maji aliyoyaona yanamtosha. Aliomba kitu kimoja tu, nacho ni usipa wa kukausha, ambao yeye huuita ndagala. Wakati wa kurudi tukampelekea gunia dogo. Aliufungua, akanusa, akauliza kama upepo ulitukuta. Tukasema ulitukuta, siku ya tatu.

"Mkafanya nini?"

"Tulikaa."

Akaitikia kwa kichwa, akamwita mjukuu wake alete sinia, akaanza kuugawa usipa mafungu kwa ajili ya majirani.