Dhamana ni Kirikuu, Siyo Kauntabuku

Kirikuu ya baba mdogo ilichukuliwa Misigiri saa kumi na moja alfajiri, ikiwa imelala kwa mlinzi wa kituo cha mafuta kama ilivyolala kila siku. Vijana walikuja watatu na ufunguo wa akiba, ule ambao kampuni ya mikopo hubaki nao siku unapochukua mkopo, pamoja na karatasi yenye muhuri. Mlinzi alipoona muhuri alifungua mnyororo. Mimi simlaumu. Kwetu muhuri hausomwi, unaheshimiwa.

Niseme mapema ili tusipoteze muda: deni lilikuwepo. Marejesho ya miezi miwili hayakulipwa, na mkataba ulisema ukishindwa gari linachukuliwa. Kuhusu gari sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni juu ya vilivyokuwa ndani ya gari.

Ndani kulikuwa na jeki na spana zake, kanga mbili za mama mdogo, kadi ya kliniki ya mtoto wao wa mwisho, dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, na kauntabuku. Hiyo kauntabuku ndiyo habari yenyewe. Baba mdogo hubeba magunia ya alizeti kutoka vijiji vya Ulemo kwenda kwenye mashine za kukamua, na msimu wa mavuno wakulima wengi hawana nauli ya mzigo. Wanamwambia, "Nikiuza nitakulipa." Anaandika: jina, kitongoji, magunia mangapi, shilingi ngapi. Ukurasa baada ya ukurasa. Kwa hesabu yake mwenyewe, watu waliomo humo wangemlipa nusu tu, marejesho ya miezi miwili yangetimia na chenji ingebaki. Kwa hiyo kampuni ilikuja kudai deni, ikaondoka na kitu pekee ambacho kingelilipa. Ukitaka kujua mikopo yetu inavyofikiri, anzia hapo.

Nilipigiwa simu mimi kwa sababu ndiye msomi wa ukoo. "Wewe si unasoma shahada ya pili? Njoo utusomee hii." Mkataba una kurasa tisa, za Kiingereza tupu. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini mkopeshaji wa Singida mjini bado anamkopesha dereva wa Ulemo kwa lugha ambayo wote wawili hawaitumii hata wakigombana. Nikasoma. Kwenye kipengele cha dhamana kuna namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi. Basi. Hakuna neno kuhusu kanga, spana wala daftari. Waliouandika walijua kabisa wanachotaka kushikilia, wakakitaja hadi tarakimu ya mwisho.

Tulikwenda yadi na baba mdogo. Kijana wa mapokezi alimwamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akaitikiwa marahaba, kisha akatueleza utaratibu. Kwanza tulipe maegesho, Sh10,000 kwa siku, na siku zilikuwa sita. Halafu tulipe gharama za waliokwenda kulichukua gari. Baada ya hapo ndipo tutaangalia suala la vitu.

Nikamwambia, "Kaka, hatujaja kukomboa gari. Tumekuja kuchukua daftari na kadi ya mtoto."

"Dada yangu, gari likishaingia humu, kila kilichomo ni cha humu."

Baba mdogo aliangalia chini. Kupitia uzio wa bati tuliiona kirikuu, na kwenye dashibodi daftari lilionekana, jalada lake jekundu limeanza kufubaa kwa jua.

Kila kilichomo ni cha humu. Kwa sheria ipi? Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, kifungu cha 48, inataja vitu ambavyo havikamatwi hata pale mahakama imeshatoa hukumu na mdaiwa ameshindwa kulipa. Nguo za lazima za mdaiwa, mkewe na watoto wake. Vyombo vya kupikia. Vitanda na matandiko. Zana za fundi. Kwa mkulima, zana za kilimo na mbegu. Najua kifungu hicho kinahusu utekelezaji wa hukumu, siyo mkataba wa mkopo, na mwanasheria wa kampuni atakimbilia kunikumbusha. Ndiyo hoja yangu. Dalali aliyetumwa na mahakama, baada ya kesi kusikilizwa na hukumu kusomwa, haruhusiwi kugusa kanga ya mama mdogo. Sasa huyu ambaye hajafika hata mlangoni mwa mahakama, mwenye ufunguo wa akiba na muhuri wa duka la stika, ameupata wapi uwezo mkubwa kuliko wa hakimu? Na kwa sheria tuliyorithi kwa Mwingereza, kukataa kumrudishia mtu mali yake baada ya yeye kuidai ni kosa la madai linalojitegemea, liwepo deni lingine au lisiwepo. Katiba yetu, ibara ya 24, inamhakikishia kila mtu haki ya kumiliki mali na mali hiyo ihifadhiwe kwa mujibu wa sheria. Haisemi isipokuwa mwenye marejesho ya nyuma.

Wakopeshaji wana jibu lao, na halistahili kudharauliwa. Wanasema wateja ni waongo. Gari likichukuliwa tupu, kesho mtu anadai lilikuwa na milioni tatu kwenye droo na kompyuta mpakato chini ya kiti. Nakubali, wapo watu wa namna hiyo, hata kwenye ukoo wetu. Lakini dawa yake ni kalamu. Ukichukua gari, mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtu wa jirani, fungua milango, andika kilichomo, kila mmoja asaini, mwenye gari aachiwe nakala. Itachukua dakika ishirini. Wanaokuja saa kumi na moja alfajiri hawaandiki orodha, kisha wanalalamika kwamba hakuna ushahidi. Asiyetaka kuhesabu mbele ya mashahidi hana haki ya kumwita mwenzake mwongo.

Tena si kwamba jambo hili halijawahi kufikiriwa duniani. Marekani, nchi ambayo haijulikani kwa kumwonea huruma mdaiwa, mkopeshaji anaruhusiwa kulichukua gari bila kupitia mahakamani mradi asivunje amani, lakini vitu binafsi vilivyomo si sehemu ya dhamana. Mwaka 2022 ofisi ya serikali ya huko inayolinda wateja wa huduma za fedha ilitoa waraka ukizionya kampuni zinazozuia vitu hivyo hadi mteja alipe ada. Hapo jirani Kenya, sheria yao ya ununuzi wa mali kwa awamu inasema mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua tena bila kufungua kesi. Walau mtu anaambiwa kabla ni wapi mlango unaanza kufungwa.

Sisi tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tuna leseni za Benki Kuu, na Novemba 2024 Benki Kuu iliyafungia majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni. Tulishangilia, mimi nikiwemo. Programu zile zilituuma sisi: zilipiga simu kwa marafiki zetu, zikatutangaza kwenye makundi ya WhatsApp. Kausha damu wa simu alipata kelele zote kwa sababu wahanga wake wana bando. Wa yadi anaendelea kwa sababu wahanga wake wapo Ulemo, na kitu walichonyang'anywa ni kadi ya kliniki, ambayo haipigwi picha ikasambaa.

Na sisi tunaosoma haya tusijifanye watazamaji. Ile mikataba ya kurasa tisa haiandikwi na vijana wenye ufunguo wa akiba. Inaandikwa na watu waliokaa madarasa niliyokaa mimi, wengine nawajua, na mwakani huenda nikaombwa nifanye kazi hiyo hiyo kwa mshahara mzuri. Sentensi moja tu ya Kiswahili ingetosha: vitu vilivyomo kwenye gari ni vya mteja, vitaorodheshwa mbele ya shahidi na kurudishwa bure akivihitaji. Sijaiona kwenye mkataba wowote niliousoma tangu siku ile, na nimeomba kwa kila mtu ninayemfahamu mwenye mkopo wa bodaboda, bajaji au gari.

Niliandika barua ya madai, nikaambatanisha nakala ya ukurasa wa dhamana nikiwa nimepigia mstari namba ya chesisi. Siku ya kumi na tisa walitupigia simu tukachukue "takataka zetu", bila kulipa maegesho. Daftari lilikuwepo, na kanga moja. Kadi ya kliniki tuliikuta chini ya kiti, ina alama ya kiatu. Dumu la mafuta hakuna anayelijua. Kirikuu yenyewe iliuzwa mwezi uliofuata, na baba mdogo sasa anazunguka vitongojini kwa baiskeli na kauntabuku mfukoni mwa koti, akikusanya nauli za magunia aliyobeba kwa gari ambalo si lake tena. Wengine wanamlipa. Wengine wanasema alizeti waliuza zamani, hela imeshakwenda.

Spana hazijarudi. Barua ya pili nimeipeleka Jumatatu.