BUSTANI YA NYUMBANI: Mwasumini Hutaka Kisu

Juma hili twaelekea Jomvu Kuu, bara ya Mombasa, tuzungumze juu ya mwasumini. Ni mti mfupi wenye majani mapana yasiyopukutika, na asili yake ni Bara Hindi. Pwani yetu umekwisha kuwa mwenyeji: ua lake hutiwa katika vikuba vya mabibi na kutandazwa arusini. Huko Ufilipino lilifanywa ua la taifa mwaka 1934.

Lakini mara nyingi mwasumini huwa na majani tele na maua haba. Sababu zilizo kubwa ni mbili: kivuli na huruma. Mwenye nyumba huupanda chini ya mwembe, kisha akaona huruma kuukata. Yafaa ajue kwamba maua hutoka katika vitawi vichanga. Mti usiokatwa huzeeka, ukawa kichaka tu.

Usitafute mbegu, kwani ni nadra sana kuzaa. Masika yaanzapo, omba kwa jirani kitawi kilichokomaa kiasi, urefu wa shubiri moja. Ondoa majani ya chini, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu, mahali pa kivuli chepesi. Baada ya miezi miwili hivi kitakuwa na mizizi, nawe utakihamisha.

Udongo wa Jomvu Kuu ni mzito kuliko ule wa matumbawe wa kisiwani, nao hushika maji. Kwa hiyo inua tuta penye jua, uchanganye samadi iliyooza vizuri. Kisima chako kikiwa cha maji ya chumvi, kinga maji ya mvua.

Kila maua yakiisha, twaa kisu kikali, ufupishe matawi kwa theluthi moja, utie samadi na kunywesha. Vitawi vipya vitachipuka, na vitumba vitafuata.

Chuma alasiri, vitumba vikiwa vimejaa na kuwa vyeupe lakini havijafumbuka. Usiku hufumbuka na kunukia, na siku ya pili hunyauka. Kwa ajili hiyo bibi atungaye vikuba vya kuuza hana budi kuwa na mti karibu. Asumini ya kuletwa kutoka mbali humharibikia mkononi, na faida ikapotea.

Basi mwenye mwasumini mzee usiochanua asiung'oe. Kwanza aujaribu kwa kisu.